Wachambuzi wote walisema usiuze hisa za chip zikiwa chini. Sisi Ujiji tuliuza nusu, na roho zetu nyeupe

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenyeji wa jukwaa hili na sisi tunaopitaga kimya kimya.

Nyuzi zenu za hisa za teknolojia za Marekani nimezisoma muda mrefu bila kuchangia. Siku hizi naona moto umewaka tena. Huyu anasema kampuni za chip zimepanda kupita kiasi, zitapasuka. Yule anasema ndiyo kwanza safari inaanza, asiyenunua sasa atalia. Nikaona leo na mimi niseme langu.

Sitatoa utabiri. Nitasimulia jambo lililotokea kwenye familia yangu, nikiwa nalishuhudia mwenyewe. Majina nimebadilisha, na kampuni sitaitaja kwa sababu shemeji yangu bado anafanya kazi pale. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Uzi una urefu wake kidogo, mnivumilie.

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Ujiji, njia ya kuelekea sokoni. Nabadilisha vioo, naflash, nabadilisha IC za chaji, nauza na chaja na kava. Kwa wasiojua, IC ndiyo hiyo hiyo chip mnayobishania humu. Kale kakipande keusi kwenye bodi ya simu. Mimi nimezishika kwa koleo miaka mingi kabla sijajua kwamba kuna watu wanakosa usingizi kwa ajili ya bei ya kampuni zinazozitengeneza.

Aliyenitia kwenye mambo ya hisa ni jirani yangu wa kibanda, Hamisi, wakala wa kutuma na kupokea pesa. Hamisi wateja wakipungua anaingia mtandaoni kuangalia wachambuzi wa soko. Anawajua kwa majina na sauti zao, anajua nani alitabiri nini mwaka gani. Hisa hana hata moja, wakuu, lakini kampuni kubwa za teknolojia ikitoka ripoti ya robo mwaka utadhani yeye ni mjumbe wa bodi.

Basi nami nikazoea. Jioni kazi zikiisha tunakaa nje kwenye benchi, tunabishana. Wengine wanabishana Simba na Yanga, sisi tunabishana chip.

Sasa nije kwenye familia.

Mke wangu Mwavita amezaliwa hapa hapa Ujiji, lakini asili yao ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi, Kongo. Wazazi wake walivuka zamani kwa biashara ya samaki wakabaki. Ndugu zao wengine walivuka baadaye, kwenye vita, na hao hawakuja na mizigo ya biashara. Walikuja na watoto mgongoni.

Mmoja wao ni mama yake mkubwa. Nitamwita Mama Neema. Kwangu mimi ni mama mkwe.

Alipokelewa ufukweni, akapelekwa kambini huko Kasulu na binti yake mmoja, Neema, ambaye wakati ule alikuwa mdogo. Neema amekulia kambini, amesomea kambini, ameolewa kambini na kijana wa Kikongo mwenzake anaitwa Joseph. Kisha yeye na mumewe wakapata nafasi ya kupelekwa Marekani. Faili la mama lilikuwa tofauti na la kwao. La kwao likaenda, la mama likabaki.

Mliowahi kuishi karibu na kambi mnajua hayo mambo. Mtu anasubiri mpaka kusubiri kunakuwa ndiyo maisha yenyewe.

Huko Marekani Neema alianza kwa kufua mashuka hotelini. Baadaye wakahamia mji wa jangwani, akapata kazi kwenye kiwanda cha chip. Alitutumia picha siku ya kwanza: nguo nyeupe mwili mzima, kofia, barakoa, glavu, yanaonekana macho tu. Mwavita akaniuliza, "Una uhakika huyu ni Neema?" Nikamwambia hata mimi natazama nyusi.

Kiwanda chao kinawapa wafanyakazi nafasi ya kununua hisa za kampuni kwa bei ya punguzo, wanakatwa kwenye mshahara. Neema akaambiwa na wenzake usiache hiyo kitu. Akajiunga. Kila mshahara unakatwa, na yeye hagusi. Akiba yake yote ikawa humo.

Kwa muda mrefu mambo yalikuwa mazuri. Hamisi aliposikia kwamba nina shemeji mwenye hisa za chip alianza kuniheshimu ghafla. Akawa anakuja asubuhi, "Shemeji yetu kaamkaje huko?" Anauliza hali ya bei, siyo hali ya mtu.

Kisha zikaanguka.

Wazee wa soko mtakumbuka kipindi kile, kabla mambo ya akili mnemba hayajazinyanyua. Watu waliacha kununua kompyuta na simu kwa fujo kama mwanzo, maghala yakajaa chip, na hisa za kampuni hizo zikaporomoka moja baada ya nyingine. Ya kina Neema nayo ikaporomoka vibaya.

Na ndiyo wakati huo huo macho ya mama yakagoma.

Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho moja lilikuwa limeshaziba kabisa, la pili likawa linafuata. Kambini wakampa rufaa kuja hospitali hapa Kigoma mjini, akapewa na kibali cha kutoka. Akafikia kwetu.

Daktari alikuwa mtu mwema, kijana tu. Akatueleza kwamba hiyo ni operesheni ya kawaida, watu wengi wanafanyiwa na wanaona vizuri. Lakini jicho lililobaki lisicheleweshwe sana, maana mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi kazi inakuwa ngumu na matokeo hayaaminiki.

Sisi tukafurahi. Mama akasema hapana.

"Mukwe wangu," akaniambia, kwa kile Kiswahili chao cha ng'ambo, "mimi sitaki mutu anikate jicho na Neema haiko hapa."

Mwavita akambembeleza. "Mama mkubwa, mimi nipo. Si mtoto wako mimi?"

"Uko mutoto wangu. Lakini kama jicho likikufa, mutu wa mwisho nitaona ni daktari. Minataka nimuone Neema mbele. Halafu wakate."

Wakuu, tulijaribu kila lugha. Mchungaji wake akampigia simu kutoka kambini, daktari akarudia maelezo yake taratibu. Mama anasikiliza mpaka mwisho, anashukuru, kisha anasema vile vile. Siyo mtu wa kupandisha sauti. Anakaa tu uani anachambua dagaa kwa vidole, kwa kupapasa, anatenga mchanga kwa kugusa, anakusubiri umalize kuongea.

Ikabidi arudi kambini bila operesheni. Daktari akasema tukibadili mawazo turudi, ila tusikae sana.

Mwavita akampigia Neema, akamwambia ukweli wote. Neema akasema, "Dada, pesa yangu ya nauli iko kwenye hisa. Na hisa ndiyo hizo mnaziona."

Baadaye akanitumia mimi ujumbe wa sauti. Alisema, "Shemeji, wewe na yule rafiki yako mnasoma haya mambo kila siku. Niulizieni. Wataalamu wanasema nini? Niuze au nisubiri? Joseph anasema tukiuza sasa tumetupa jasho la miaka. Mimi niko ndani ya kiwanda na sijui kitu. Siku nyingine wanatuambia mashine zisimame, siku nyingine wanatuomba tufanye kazi ya ziada. Ukiwa ndani huoni zaidi ya mtu wa nje."

Hayo maneno yake ya mwisho nimeyashika mpaka leo. Mtu anazigusa hizo chip kwa glavu kila siku, na anamuuliza fundi simu wa Ujiji.

Basi kazi ikaanza. Hamisi aliipokea kama mtu aliyeitwa timu ya taifa. Alifunga kibanda mapema, akakaa na simu mbili, akakusanya maoni.

Na maoni yalikuwepo ya kila rangi. Kulikuwa na mchambuzi mmoja mwenye miwani anasema chip ni kama mafuta ya karne hii, aliyeuza wakati huu atajilaumu. Mwingine anasema bado hatujafika chini, zitashuka tena. Mwingine anasema uza za kampuni zinazotengeneza, nunua za kampuni zinazochora ramani za chip tu. Mwingine anasema usisikilize mtu, angalia chati, halafu anachora mistari mpaka chati yenyewe haionekani. Wote wanaongea kwa uhakika, wote wana wafuasi.

Jioni moja akaongezeka na Mwalimu Ruhaga. Huyu ni mwalimu wa bookkeeping sekondari, mtu wa Kasulu, mtaratibu, alikuja kuchukua simu yake kwangu. Akatusikia, akavuta ndoo akakalia.

"Mwakeye," akatusalimu Kiha, kisha akauliza mjadala ni wa nini. Nikamweleza.

Hamisi akasema, "Mwalimu, hapa jibu ni moja. Hold. Hauuzi kitu kikiwa chini. Ukiuza ndiyo umepata hasara. Usipouza, hasara bado ni ya kwenye simu tu."

Mwalimu akatabasamu. "Hasara ni hasara, bwana Hamisi. Kitu kinachouzwa leo kwa bei ya leo, thamani yake ni hiyo ya leo. Mimi ningeuza zote. Mtu ana mshahara kutoka kampuni hiyo hiyo na akiba kwenye kampuni hiyo hiyo. Kampuni ikiyumba, anapoteza vyote siku moja."

"Kampuni ile haiyumbi. Dunia nzima inatumia chip."

"Dunia nzima inatumia chumvi pia. Umeshamuona muuza chumvi tajiri hapa Ujiji?"

Nilicheka, lakini Hamisi hakucheka. Akamwonyesha chati. Mwalimu akamwonyesha chati nyingine ya nyuma zaidi, ya wakati ule kampuni za teknolojia zilipopanda kama moshi halafu zikaanguka, nyingine hazikurudi kamwe. Hamisi akamwambia hizo zilikuwa kampuni za maneno, hizi zinatengeneza kitu kinachoshikika. Wakaendelea hivyo. Mimi mwenyewe kwa siri nilikuwa upande wa Hamisi. Niliamini zitarudi. Nazifungua simu kila siku, naona kila mwaka chip zinaongezeka kwenye bodi, hazipungui.

Mwavita alikuwa amekuja na beseni la mawese kichwani akitokea sokoni, akasimama kutusikiliza. Hakuna aliyemuona.

Akaweka beseni chini, akasema, "Naomba niulize. Hao wazungu wote mliowasikiliza wiki nzima, kuna hata mmoja anayejua kwamba mama ana jicho moja?"

Akaendelea kabla hatujajibu.

"Wanasema subiri miaka mitano. Ni sawa, pesa inaweza kusubiri miaka mitano. Jicho haliwezi. Sasa nyie mnajibu swali la pesa, na Neema ameuliza swali la mama yake."

Mwalimu akasema taratibu, "Dada ana hoja."

Hamisi akakuna kichwa. Mtu wa kubisha yule, lakini hapo hakubisha. Akasema, "Lakini zikipanda, shemeji, msije mkanilaumu."

"Zikipanda tutashukuru Mungu kwa zitakazokuwa zimebaki," Mwavita akajibu. "Nani amesema auze zote?"

Wakuu, hapo ndipo jambo lilipogeuka. Tulikuwa tumekaa siku zote hizo kwenye uza au usiuze, kama vile hakuna njia katikati. Neema hakuhitaji kujua kama chip zitapanda. Alihitaji nauli yake na ya binti yao mdogo, na kitu cha kumtosha kukaa likizo bila mshahara. Kiasi hicho kilikuwa kama nusu ya alichonacho, hata kwa bei ile mbaya.

Baada ya magharibi tukampigia kwa video. Kwao ilikuwa asubuhi, yuko kwenye gari nje ya kiwanda, anasubiri zamu yake. Nikamweleza maoni ya kila mtu bila kuficha: Hamisi anasema hivi, Mwalimu anasema hivi, wachambuzi wanasema hivi na wanapingana. Mimi naamini zitarudi, lakini sijui lini, na hakuna anayejua lini. Kisha nikampa Mwavita simu.

Mwavita akamwambia kwa kifupi, "Uza za safari. Nyingine ziache zilale."

Neema akalia kidogo, akajifuta, akasema, "Na Joseph?"

"Joseph mwambie nusu yake ipo pale pale."

Joseph hakufurahi. Sitaki kumfanya aonekane mtu mbaya hapa, maana hayuko hivyo. Alikuwa ana ndoto ya nyumba, amefanya kazi ya ghala usiku na mchana, na mtu aliyewahi kukimbia nyumba yake akiwa mtoto anaitaka nyumba kuliko sisi tunavyoelewa. Lakini alikubali. Alisema, "Ni mama. Uza."

Neema akauza nusu.

Wiki iliyofuata bei ikashuka tena. Mwalimu akapita kibandani, akanyoosha tu kidole gumba. Wiki ya baadaye ikapanda kidogo, Hamisi akaja mbio, "Nilisema mimi." Nikagundua kwamba kwenye soko la hisa kila mtu ana siku yake ya kusema nilisema.

Neema alikuja kabla mvua hazijaanza. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege hapa Kigoma, mimi na Mwavita. Alishuka amevaa kitenge, amembeba binti yake Ester ambaye bibi yake hakuwahi kumshika. Mama alikuwa ameshafika kutoka Kasulu kwa kibali kipya, tumemwacha nyumbani amekaa kwenye mkeka uani, jicho la pili nalo limebaki kuona mwanga na kivuli tu.

Alisikia geti. Hakusimama. Alinyoosha mikono tu.

Neema akapiga magoti mbele yake, na mama akaanza kumpapasa uso, paji, mashavu, masikio, kama anavyochambua dagaa, polepole, bila kuruka mahali. Ester akajificha nyuma ya Mwavita. Mama akasema, "Na huyu anapumua nyuma yako, ni nani?" Tukacheka wote, na huku tumelowa nyuso.

Jioni ile ile akasema, "Sasa wanaweza kukata."

Operesheni ilikwenda vizuri. Neema alimshika mkono mpaka mlangoni, na mama alipotoka, Neema alikuwa pale pale mlangoni. Kesho yake wakafungua bandeji. Tulikuwa tumesimama pembeni.

Nesi akasafisha jicho, akamwambia afungue taratibu. Akafungua. Akapepesa. Akamtazama nesi, akatazama dirisha. Kisha akamtazama Neema, kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba labda haoni.

Akasema, "Umechoka, mutoto wangu."

Hakusema umependeza wala umekua. Alimuona kwa macho ya mama. Neema aliinama akaficha uso kwenye mapaja yake, akakaa hivyo hivyo. Miaka yote ile ya mashuka na nguo nyeupe, nadhani hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo kwa upole.

Siku zilizofuata mama alitazama kila kitu. Alitembea Ujiji kama mtalii, anasimama kuangalia rangi za khanga dukani. Akaja kibandani kwangu, akaniambia nimwonyeshe hiyo kitu mutoto wake anatengeneza.

Nikafungua simu mbovu, nikamwonyesha IC kwenye bodi. Akaisogeza karibu kabisa na jicho jipya. Neema naye akainama kutazama.

Akanishangaza Neema. Akasema, "Shemeji, unajua mimi sijawahi kuiona hivi? Kule kiwandani naona sahani tu, kubwa, zinang'aa kama kioo. Tunazipitisha zinaenda. Zikikatwa vipande sisi hatupo."

Mama akauliza, "Ndiyo hii imekulipia njia?"

"Ndiyo hii, mama. Kama hii."

Akairudisha mkononi mwangu kwa uangalifu, kama yai. "Iko kidogo sana," akasema. Hamisi alikuwa dirishani anasikiliza, akanyoosha shingo naye aione.

Jumapili moja tukaenda Kibirizi ufukweni. Tukachoma migebuka, samaki wa hapa ziwani, Mwavita amepika ugali wa muhogo, Ester anakimbizana na maji. Mama amekaa anatazama ziwa, milima ya ng'ambo inaonekana siku hiyo, hakuna ukungu. Sikumuuliza anawaza nini. Ile ndiyo milima ya kwao.

Simu ya Neema ikaita. Ni Joseph, video. Nikaona uso wake hauna raha.

"Neema, umeona bei? Imepanda tangu uuze. Nilikuambia tusubiri. Ungesubiri mpaka sasa tu..."

Neema akafungua mdomo kujibu, lakini mama alishanyoosha mkono. Akachukua simu, akaishika mbele ya uso wake, akamkazia macho mkwewe.

"Joseph," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa. Na nywele zimekwenda wapi?"

Hapo Joseph akaanza kucheka. Alicheka mpaka simu ikatikisika, akapitisha mkono kichwani, akasema, "Mama, unaniona?"

"Minakuona. Geuka nione na nyuma." Akageuka. Mama akatingisha kichwa, "Na nyuma pia zimekwenda."

Wakaongea muda mrefu. Alimwonyesha Ester, akamwonyesha ziwa, akamwonyesha na mgebuka uliobaki kwenye sahani. Mambo ya bei hayakutajwa tena siku ile, wala siku nyingine, mpaka Neema anaondoka.

Aliondoka, mama akarudi kambini, kibali chake kilikuwa kinaisha. Sitawadanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa. Faili lake bado lipo mahali fulani kwenye meza ya mtu. Lakini jicho la pili nalo alishafanyiwa baadaye, na hilo hakuomba mtu avuke bahari. Alikwenda mwenyewe, akatupigia simu akishamaliza.

Sasa turudi kwenye hisa, maana najua ndicho mnachosubiri.

Zilipanda. Mnajua wenyewe zilivyopanda ilipoanza biashara ya akili mnemba. Ile nusu iliyobaki leo ni kubwa kuliko nzima ya zamani, na Joseph amepata nyumba, ndogo, ana bustani ya matembele nyuma. Mwalimu Ruhaga anasema bado ana msimamo wake, kwamba ingeweza kwenda vinginevyo na sisi tungekuwa tunasimulia uzi mwingine. Sibishani naye, nadhani yuko sahihi.

Hamisi yeye alikaa chini akapiga hesabu ya ile nusu iliyouzwa, ingekuwa imefika ngapi leo. Nikamwomba asimtumie Neema. Akamtumia.

Neema akamjibu kwa ujumbe wa sauti, Hamisi akanichezea nisikie. Alisema, "Asante kaka Hamisi kwa hesabu. Jana nilikuwa video na mama, ameniambia nywele za Ester zimeanza kukatika pembeni, nisimsuke kwa kubana. Nilikuwa sijaona mimi ninayelala naye. Msalimie shemeji."

Hamisi akarudia kuusikiliza. Kisha akafuta ile hesabu kwenye simu yake, nikimuona.

Nilichojifunza wakuu ni kitu kidogo tu. Maoni ya wawekezaji yasomeni, mimi bado nayasoma na benchi letu bado lipo. Ila yule mchambuzi anaongea na watu wote kwa pamoja, hajui wewe pesa yako ina kazi gani na inahitajika lini. Hilo swali ukishalijibu nyumbani kwako, hata akikosea hakuumizi sana. Na anayelijibu vizuri siyo lazima awe mjuzi wa chati. Kwetu alikuwa mtu aliyetoka sokoni na mawese.

Halafu kati ya uza zote na usiuze kabisa kuna nafasi kubwa sana, sijui kwa nini humu hatuipendi.

Karibuni mchangie. Wale mliouza mkaona bei inapanda nyuma yenu, mliuza kwa ajili ya nini, na mkikaa leo mkifikiria, bado mnaumia? Na wanaotetea hold na wanaotetea kuuza wote waje, Hamisi yumo humu kwa ID nyingine, atawajibu.